Brexit: serikali iliyogombana hadharani kabla haijaamua inataka nini

Jioni ya tarehe 14 Machi 2019 kuna jambo lilitokea bungeni Westminster ambalo mpaka leo nikilifikiria naona ndo linaieleza Brexit kuliko maelezo mengine yote. Waziri wa Brexit, Stephen Barclay, alisimama kufunga mjadala kwa niaba ya serikali, akawaomba wabunge waunge mkono hoja ya kuomba Umoja wa Ulaya (EU) uongeze muda kabla Uingereza haijaondoka, akamaliza hotuba, wabunge wakaenda kupiga kura, na Barclay naye akaenda akapiga kura ya HAPANA. Yaani hoja ya serikali yake mwenyewe, hoja aliyotoka kuitetea muda mfupi tu uliopita. Na hakuwa peke yake, wabunge 188 wa chama tawala cha Conservative waliikataa wakiwemo mawaziri kadhaa wa baraza, na kilichoivusha ni kura za upinzani. Siku moja kabla ya hapo mawaziri wengine wanne, Amber Rudd, David Gauke, Greg Clark na David Mundell, walikuwa wamegoma kupiga kura walivyoagizwa na mnadhimu wa chama chao, kwa sababu wao hawakutaka kabisa nchi itoke bila makubaliano. Hakuna kati ya hao aliyepoteza kazi, upande huu wala ule.

Watu wengi wakikumbuka kipindi kile wanasema shida ilikuwa mawaziri kuropoka sana, kuvujisha mambo ya kikao kwenye magazeti, kupingana kwenye TV, na kwamba waziri mkuu Theresa May angekuwa mkali akafukuza wawili watatu mambo yangenyooka. Mimi sikubaliani nao. Ninavyoona mimi ile serikali haikuwahi kukaa chini ikaamua inataka Brexit ya aina gani, ilianza safari kwanza, halafu mawaziri wakawa wanautafuta uamuzi kwa kugombana mbele ya watu huku muda unakatika na waliokuwa wanajadiliana nao kule Brussels wamekaa wanasikiliza kila neno. Kelele zilitokana na hilo. Hata wangefungwa midomo wote, uamuzi bado ungekuwa haupo.

Tuanze na kanuni yenyewe. Baraza la mawaziri la Uingereza linaendeshwa kwa uwajibikaji wa pamoja, kitu ambacho nchi nyingi walizozitawala tumekirithi, hata Katiba ya Tanzania inasema mawaziri wanawajibika kwa pamoja Bungeni. Maana yake ndani ya kikao mnaweza kubishana mpaka kuche, ila mkitoka nje kauli ni moja, na asiyeweza kuimeza anaandika barua anaondoka. Kanuni hii imewahi kusimamishwa kwa makusudi. Mwaka 1975 waziri mkuu Harold Wilson alikuwa na baraza lililogawanyika juu ya kubaki kwenye jumuiya ya Ulaya, mawaziri 7 kati ya 23 hawataki, wakiwemo Tony Benn, Barbara Castle na Michael Foot, akawaruhusu wapinge hadharani kipindi cha kampeni tu. Tarehe 5 Juni wananchi wakapiga kura, asilimia 67 wakasema tubaki, na Benn mwenyewe akajitokeza akakubali kwamba wananchi wamesema. Kanuni ikarudi, serikali ikaendelea na mambo mengine.

David Cameron, waziri mkuu aliyeitisha kura ya maoni ya 2016 ya kubaki EU au kutoka, alidhani anafanya kitu kilekile. Februari 2016 baraza lilikutana siku ya Jumamosi, kikao kilipoisha Michael Gove, Iain Duncan Smith, Priti Patel na wenzao wakaenda moja kwa moja kwenye ofisi za kampeni ya kutoka, na kesho yake Boris Johnson akajiunga nao. Ilikuwa kampeni chafu kwa kweli, lile basi jekundu lililoandikwa kwamba Uingereza inaipelekea EU pauni milioni 350 kila wiki lilizunguka nchi nzima wakati hela hiyo haikuhesabu punguzo ambalo Uingereza ilikuwa inapewa, na wiki moja kabla ya kura mbunge wa Labour, chama kikuu cha upinzani, Jo Cox aliuawa mtaani kwenye jimbo lake. Tarehe 23 Juni matokeo yakawa asilimia 51.9 kutoka na 48.1 kubaki. England na Wales zimesema tutoke, Scotland asilimia 62 imesema tubaki, Ireland ya Kaskazini karibu asilimia 56 imesema tubaki.

Tofauti na 1975 ni hii hapa na naomba tuitilie maanani maana ndo kiini cha yote. Mwaka 1975 jibu lililoshinda lilikuwa hali iliyopo, hakuna cha kubuni, kesho yake unaamka na sheria zilezile. Mwaka 2016 jibu lililoshinda lilikuwa kutoka, sasa kutoka kwenda wapi? Norway iko nje ya EU lakini iko kwenye soko la pamoja na inafuata sheria nyingi za EU. Uturuki iko nje lakini ina umoja wa forodha na EU. Canada ina mkataba wa biashara tu. Na kuna kutoka bila mkataba wowote. Hizo ni nchi nne tofauti kabisa za kuishi, na kwenye karatasi ya kura zote zilikuwa zimejificha kwenye neno moja. Watu milioni 17.4 walipiga kura ya kutoka na kila mmoja alikuwa na picha yake kichwani, mvuvi ana yake, mwenye hedge fund (mfuko wa uwekezaji wa matajiri) ana yake, na mawaziri vilevile. Cameron alijiuzulu asubuhi yake na hakuwa ameacha mpango wowote wa maana serikalini wa nini kifanyike upande wa kutoka ukishinda. Hilo kwangu ni kosa kubwa kuliko hata kuitisha kura yenyewe.

May akaingia Julai 2016. Yeye alikuwa upande wa kubaki, kwahiyo ili waliotaka kutoka wamuamini akampa Johnson Mambo ya Nje, David Davis akapewa wizara mpya ya Brexit, Liam Fox wizara mpya ya biashara ya kimataifa, na Hazina akampa Philip Hammond aliyekuwa anahofia uchumi. Kwenye karatasi inaonekana kama busara, kila kundi lina kiti. Kilichotokea ni kwamba kila kundi lilipata wizara, watumishi na kipaza sauti, na mgogoro wa chama ukawa umehamishiwa ndani ya muundo wa serikali. Tena wizara ya Davis ilikuwa na jina la Brexit lakini kazi yenyewe ya kujadiliana ilikuwa inafanywa na mtumishi mmoja, Olly Robbins, ambaye Septemba 2017 alihamishwa kabisa kutoka wizara hiyo akawa chini ya ofisi ya waziri mkuu. Sasa waziri wa Brexit anayekuta mambo ya Brexit yanaandikwa kwingine unategemea atafanya nini?

Januari 2017 May akatoa hotuba pale Lancaster House, akasema Uingereza itatoka kwenye soko la pamoja na itatoka kwenye umoja wa forodha, na papo hapo anaahidi kwamba mpaka wa Ireland, kati ya Jamhuri ya Ireland inayobaki EU na Ireland ya Kaskazini iliyo sehemu ya Uingereza, hautarudi kuwa kama wa zamani. Hapa ndipo nilipoanza kuona hawa watu hawajaambiana ukweli. Ukitoka kwenye umoja wa forodha na soko la pamoja lazima bidhaa zikaguliwe mahali. Ukisema zisikaguliwe kwenye mpaka wa Ireland, mpaka wenye urefu wa kama kilomita 500 na njia zaidi ya 200 za kuvuka, mpaka ambao amani yake ilipatikana kwa makubaliano ya Aprili 1998 baada ya miaka 30 ya watu kuuana, basi ukaguzi unahamia baharini kati ya Ireland ya Kaskazini na Uingereza kwenyewe. Ukisema na huko baharini usiwepo maana ni nchi moja, basi hujatoka. Vitu vitatu, unaweza kupata viwili tu. Hakuna waziri aliyekuwa na uwezo wa kulikwepa hilo, ila hakuna pia aliyelazimishwa kuchagua, na miaka mitatu yote ile ya kurushiana maneno ukiifuatilia vizuri inarudi palepale, kwenye huo uchaguzi ambao haukufanyika.

Tarehe 29 Machi 2017 May akapeleka barua Brussels, miaka miwili ikaanza kuhesabika. Wiki chache baadaye akaitisha uchaguzi akitafuta wingi mkubwa bungeni, matokeo ya tarehe 8 Juni yakampa viti 317, akapoteza hata wingi mdogo aliokuwa nao, ikabidi ategemee wabunge 10 wa DUP wa Ireland ya Kaskazini, chama kinachotetea muungano na Uingereza, ambacho kati ya vyama vyote ndicho kisingekubali ukaguzi baharini hata kwa dakika moja. Wanaosema angefukuza watu wawe wanakumbuka hizo hesabu. Toka siku hiyo kila kundi ndani ya chama chake lilikuwa na kura za kutosha kumwangusha, akimfukuza Johnson upande mmoja unainuka, akimfukuza Hammond mwingine unainuka, na wao walilijua hilo vizuri sana.

Ndo maana kiangazi cha 2017 kikawa vile kilivyokuwa. Hammond anasema kuwe na kipindi cha mpito cha mpaka miaka mitatu, Fox anasema watu wa Ulaya wakiendelea kuingia bila kikwazo ni kuwasaliti wapiga kura, Hammond anaenda kwenye TV analalamika kuna wenzake ndani ya baraza wanamchafua kwenye magazeti, May anawaita anawakanya, haisaidii. Julai Johnson aliulizwa bungeni kuhusu hela ambazo EU inadai Uingereza ilipe ikiondoka, akajibu kwamba EU kwa madai hayo waendelee tu kupiga mluzi. Kesho yake Michel Barnier, mjumbe mkuu wa EU, akaulizwa akasema yeye hasikii mluzi wowote, anachosikia ni saa inayogonga. Halafu Septemba Johnson akaandika makala ya maneno zaidi ya 4,000 gazetini akieleza Brexit anayoitaka yeye, siku chache tu kabla bosi wake hajaenda Florence kutoa hotuba juu ya msimamo wa serikali. Ni sawa na kutuma mshenga akapose wakati ukoo nyumbani haujakubaliana anaposwa nani. Kule Brussels nchi 27 zilikuwa na karatasi moja ya msimamo ambayo wamekubaliana na kuichapisha, na London ilikuwa na misimamo kwa idadi ya magazeti.

Tarehe 6 Julai 2018, zaidi ya miaka miwili baada ya kura, ndo baraza likakaa siku nzima Chequers, nyumba ya waziri mkuu kijijini, ili hatimaye liamue. Wakatoka na mpango kwamba kwenye bidhaa Uingereza itafuata sheria za EU, kwenye huduma itajipangia. Jioni ile ikatangazwa baraza zima limekubali. Jumapili usiku Davis akajiuzulu. Jumatatu Johnson akajiuzulu, na kwenye barua yake akaandika kwamba Uingereza inaelekea kuwa na hadhi ya koloni.

Hapo niliumia na naomba niseme wazi. Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, nchi iliyoitawala Kenya kama koloni, iliyokuwa na Tanganyika na Uganda na Zanzibar mkononi, anasema nchi yake ni koloni kwa sababu itafuata viwango vya bidhaa vya soko ambalo imeomba yenyewe kuendelea kuuza humo, soko ambalo ilikaa mezani miaka zaidi ya 40 ikiandika sheria zake. Babu zetu waliolipa kodi ya kichwa na kunyang'anywa ardhi walijua koloni ni nini. Maneno yana uzito, na kiongozi mkubwa anapotumia neno kama hilo ili kushinda ugomvi wa ndani ya chama anakuwa amefunga mlango wa maelewano, maana nani atakaa akubaliane nusu kwa nusu na ukoloni? Toka hapo kila anayetafuta njia ya kati akawa anaitwa msaliti.

Novemba mkataba wenyewe ukaletwa, kurasa 585, baraza likakaa saa tano, May akatoka nje akasema limekubali, asubuhi waziri wa Brexit Dominic Raab akajiuzulu akisema hawezi kuukubali mkataba ambao wizara yake ndo ilitakiwa kuujadili. Unganisha na Barclay niliyeanza naye hapo juu, mawaziri watatu mfululizo wa Brexit, wawili wamejiuzulu kwa sababu ya sera ya Brexit ya serikali yao na wa tatu amepiga kura kuipinga hoja aliyoileta mwenyewe. Tarehe 15 Januari 2019 mkataba ukakataliwa kwa kura 432 dhidi ya 202, kipigo ambacho hakuna serikali ya zama hizi imewahi kukipata pale bungeni. Ukarudishwa Machi ukakataliwa, ukarudishwa tena siku ileile ya tarehe 29 ambayo walitakiwa wawe wameshaondoka, ukakataliwa. Wabunge wenyewe wakajaribu kutafuta njia, wakapigia kura mapendekezo 8 hakuna lililopata wingi, wiki iliyofuata manne, hakuna, lile la umoja wa forodha likakosa kwa kura 3 tu, 276 kwa 273. Labour nao hawakuwa na nafuu, kiongozi wao Jeremy Corbyn hakuwahi kueleweka yuko wapi na wabunge 7 wakamkimbia kwa siku moja. Mei May akatangaza anaondoka, na kwenye uchaguzi wa bunge la Ulaya mwezi huohuo chama chake kikawa cha tano.

Sasa kuna ambao watasema sawa, Johnson alipoingia kuwa waziri mkuu Julai 2019 si alimaliza? Alimaliza kugombana hadharani, hilo kweli. Septemba aliwafukuza kwenye chama wabunge 21 kwa siku moja kwa kupiga kura dhidi yake, wakiwemo Hammond na Ken Clarke ambao wamekuwa mawaziri wa fedha, na Nicholas Soames mjukuu wa Churchill. Akajaribu kulisimamisha bunge wiki tano, majaji 11 wa Mahakama ya Juu wote wakasema ni kinyume cha sheria. Desemba akashinda uchaguzi kwa viti 365, tarehe 31 Januari 2020 nchi ikatoka. Baraza lote kauli moja.

Lakini angalia ndani ya hiyo kauli moja kulikuwa na nini. Novemba 2018 Johnson alienda kwenye mkutano wa DUP kule Belfast akawaambia hakuna serikali ya Conservative itakayokubali ukaguzi baharini. Mwaka haukuisha, Oktoba 2019 akakubaliana na EU mkataba wenye ukaguzi huohuo baharini, kisha akawaambia wafanyabiashara wa Ireland ya Kaskazini hakutakuwa na fomu za kujaza. Ndani ya baraza hakuna aliyesimama kusema jamani hii sio kweli, maana wote waliokuwa na tabia ya kusema walishatolewa au waliingia kwa masharti. Ukweli ukaja wenyewe: Septemba 2020 waziri wa Ireland ya Kaskazini, Brandon Lewis, anasimama bungeni anakiri muswada wa serikali unavunja sheria ya kimataifa, David Frost aliyejadili mkataba akaanza kuusema vibaya mkataba wake mwenyewe, na Februari 2022 DUP wakajitoa serikali ya Belfast, wananchi wa kule wakakaa miaka miwili bila serikali yao mpaka Februari 2024. Makubaliano ya Windsor na EU ya 2023, ya Rishi Sunak aliyekuwa waziri mkuu wakati huo, yalipunguza ukaguzi, hayakuuondoa. Kwahiyo mimi nikiambiwa nichague kati ya baraza la May linalopiga kelele na baraza la Johnson lililonyamaza, nasema la May angalau lilikuwa linamwambia mwananchi kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Mwananchi alisikia Hammond akisema uchumi utaumia, na leo ofisi huru ya bajeti, OBR, inakadiria kwamba kwa muda mrefu uzalishaji utakuwa chini kwa asilimia 4 kuliko kama wangebaki.

Na huku kwetu tusifikiri hayakutufikia. Julai 2016, wiki chache tu baada ya kura, Tanzania ilikataa kusaini mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi (EPA) kati ya Afrika Mashariki na EU, na moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba EU yenyewe imeingia kwenye msukosuko kwa ajili ya Brexit. Kenya na Rwanda zikasaini Septemba, wengine hawakusaini, jumuiya yetu ikabaki imepasuka juu ya jambo hilo. Kenya ndo ilibanwa zaidi maana haiko kwenye kundi la nchi maskini zaidi zinazoingiza bidhaa bila ushuru kwa utaratibu wa kawaida, na maua, chai na mboga zake soko la Uingereza ni kubwa. May alikuja Nairobi Agosti 2018, waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza kufika Kenya toka Thatcher miaka 30 nyuma, akaahidi biashara haitakatika. Kenya ikaja kusaini mkataba wake peke yake London tarehe 8 Desemba 2020, zimebaki wiki tatu kipindi cha mpito cha baada ya kutoka kiishe. Mkulima wa maua Naivasha alikaa miaka minne hajui ushuru wake utakuwa nini kwa sababu mawaziri wa London walikuwa hawajui wanaenda wapi.

Julai 2024 ikaingia serikali ya Keir Starmer wa Labour, na yeye akaweka mipaka yake: harudi soko la pamoja, harudi umoja wa forodha, watu hawataingia na kutoka kwa uhuru kama zamani, ila anataka uhusiano wa karibu na EU. Mei 2025 walikubaliana London, meli za uvuvi za Ulaya zimeongezewa miaka 12 mpaka 2038 kwenye maji ya Uingereza, na kwa upande wa vyakula wanaelekea kufuata sheria za EU ili ukaguzi upungue. Kufuata sheria za bidhaa bila kuwa mezani zinapoandikwa, kwenye eneo hilo la vyakula, ndo kile ambacho Chequers kilipendekeza na mawaziri wawili wakakikimbia.  Ila lile swali la vitu vitatu unavyopata viwili halijajibiwa na mtu yeyote, na waziri yeyote akisema hadharani kwamba turudi kwenye umoja wa forodha, ningependa kuona wanamjibu kwa hoja bungeni kabla hawajaanza kuulizana nani kamruhusu kuongea.